Dawa ya Ukungu

Mimi nina mdomo. Mama amelisema hilo tangu sijaota meno ya pili, na wanafunzi wangu hulisema kwenye korido wakidhani sisikii. Jambo likiniingia kichwani asubuhi, kufika saa nne limeshatoka nje, limeiva au halijaiva. Kazi yangu haitaki mtu wa namna hiyo. Ni mhadhiri hapa Morogoro, na ninachofundisha na kuchunguza ni betri, hasa ule unga mweusi unaokaa ndani yake na kuhifadhi chaji. Unga huo una tabia ya kumdanganya mtu mwenye haraka.

Betri zetu ni za sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi ya mezani. Si nyepesi za kutia kwenye simu, lakini zinafaa kukaa kwenye kona ya nyumba na kutunza umeme wa sola mpaka usiku. Upande mmoja wa betri hiyo unahitaji kaboni, na kaboni unaweza kuipata kwa kuchoma mmea wowote ndani ya tanuru lisiloingiza hewa. Wengine wanachoma vifuu vya nazi, wengine mabua. Mimi nilichagua mashina ya migomba, na nikiulizwa kwenye mikutano nina sababu nyingi za kitaalamu za kutoa. Ukweli ni kwamba nilichagua migomba kwa sababu ni ya kwetu.

Kwetu ni juu, Uluguru, kwenye kijiji cha misheni ambako bodaboda inakufikisha mahali, inazima, na wewe unaendelea kwa miguu. Migomba imejaa kila bonde. Mkungu ukishakatwa, shina linaangushwa na kuachwa lioze. Nilipomwambia mjomba kwamba nayataka mashina hayo kwa ajili ya betri, alicheka mpaka akakohoa, halafu akaniuliza kama nayataka yakatwe marefu au mafupi.

Mjomba ndiye kaka mkubwa wa mama. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, lukolo, na mashamba nayo ni ya ukoo huo, kwa hiyo mjomba kwangu si mtu wa kuonana naye Krismasi. Ndiye mzee wangu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa mlangoni kwake nikisikiliza akisuluhisha watu: mbuzi wa fulani amekula maharage ya fulani, maji ya mfereji yamegeuzwa. Hapakuwa na faini. Mkosaji alikuja na kuku na unga, vikapikwa, pande zote mbili zikala chungu kimoja. Kikishaliwa, jambo hilo halitajwi tena, hata kwa utani, hata miaka ikipita. Nilizipenda sana kesi hizo kwa sababu ya mchuzi.

Mzigo wa kwanza wa nyuzi walizochana kwenye mashina hayo ulinifikia umeota ukungu. Mlimani jua ni la kubahatisha. Mawingu yanashuka saa yoyote, na kitu ulichoanika asubuhi unakianua jioni kikiwa na maji mengi kuliko ulivyokianika. Nililijua hilo, nimekulia humo. Hata hivyo nilipiga simu, tena mbele ya wanafunzi.

"Mjomba, zimeota ukungu zote hizi. Sasa nifanye nazo nini?"

"Pole, mwanangu," akasema. "Nitaziangalia vizuri zaidi."

Mzigo wa pili ulikuja mkavu, safi, hauna hata doa. Nilimpigia kumsifu. Sikumuuliza amefanyaje.

Kaboni iliyotokana na mzigo ule ilinishangaza. Betri tuliyoitengenezea ilipokea chaji nyingi na kuirudisha, siku baada ya siku, bila kuchoka. Tulichoma mashina ya migomba ya Turiani, tukachoma na ya Mikese, yakatoa kaboni ya kawaida tu. Tulirudia mzigo wa mjomba: ule ule ubora. Kipimo kidogo tulichonacho maabara kikaonyesha kwamba ndani yake kuna manganizi, madini ambayo yanajulikana kuibadilisha kaboni inapochomwa. Nikajiuliza manganizi yametoka wapi, na nikajijibu papo hapo. Shamba la mjomba liko chini ya chemchemi ya ukoo. Maji yanatoka kwenye miamba, yanapita kwenye udongo, mgomba unayanywa. Mtu mwingine angeweka alama ya kuuliza mwisho wa sentensi hiyo. Mimi niliweka nukta.

Jumapili moja nilipanda na mama kusali misheni. Mama amevaa kitenge cha parokia, mgongo ameunyoosha. Wakati wa matangazo paroko akasema tunaye kati yetu binti wa hapa anayetengeneza betri kwa migomba, asimame atusalimie. Nikasimama. Nilikusudia kusalimia. Badala yake nikasema udongo wa chemchemi yetu una kitu ambacho hakipo kwingine, na kwamba nimeomba nafasi kwenye mtambo mkubwa ng'ambo ili dunia nzima ikione. Vigelegele vikapigwa mpaka watoto waliosinzia wakaamka. Kichwa kilinivimba, sitaficha. Nilijiona nimefika.

Mjomba hakushangilia. Alinisubiri nje, kofia mkononi.

"Kwa hiyo pale chemchemi," akasema, "kinachotakiwa ni migomba?"

Pale chemchemi ndipo wanapolima nyanya. Ndilo shamba pekee la ukoo lenye maji wakati wa kiangazi, na nyanya za kiangazi ndizo zinazowaendesha mwaka mzima. Nilikuwa nalijua hilo pia. Lakini watu walikuwa wananisubiri tupige picha mbele ya kanisa, nami nikamjibu huku nikijiweka sawa kilemba.

"Ndiyo, mjomba. Pale hasa."

Nafasi kwenye mtambo ilipatikana. Huo mtambo, kwa asiyeujua, ni jengo la duara kubwa kuliko uwanja wa mpira. Ndani yake chembe ndogo za elektroni zinakimbizwa kwenye bomba kwa kasi inayokaribia ya mwanga wenyewe, na kila zinapopinda kona zinarusha mwale wa eksirei mkali ajabu. Kuzunguka duara wamejenga vyumba vidogo, kila kimoja na mwale wake na wataalamu wake. Chumba chetu kilikuwa cha watu wa nishati: betri, paneli za sola na mambo ya namna hiyo. Mwale ule unaweza kupitishwa kwenye uzi mmoja wa mgomba na ukakuonyesha, kama ramani, madini gani yapo na yamekaa wapi. Siku hizi si lazima usafiri. Tulituma sampuli kwa ndege, za kaboni pamoja na nyuzi mbichi ambazo hazijachomwa, na siku yetu ilipofika tukafungua kompyuta ofisini kwangu na kukaa kuangalia.

Niliialika idara nzima. Nilinunua soda na sambusa. Mkuu wa idara alikuja na tai. Wanafunzi walijipanga ukutani, na kwenye skrini akatokea mama mmoja mpole, mtaalamu wa chumba kile, akatueleza atakachofanya, akaanza.

Nilikuwa nimeshawaambia wote watakachokiona. Kama manganizi yametoka kwenye udongo na mgomba umeyanywa, ramani ingekolea rangi ndani ya uzi wote, toka upande huu mpaka ule. Ramani ikaanza kujichora mstari kwa mstari. Ndani ya uzi palikuwa peusi, hamna kitu. Rangi ilikuwa juu ya ngozi tu, kwa madoa madoa, na kila doa lina ukingo, kama chokaa iliyorushwa ukutani. Yule mama akaongeza ramani ya zinki. Madoa yale yale. Akaongeza ya salfa. Yale yale.

Kisha akauliza, kwa adabu sana, kama mmea huu umewahi kupuliziwa dawa ya kuua kuvu, kwa sababu zipo dawa za kilimo zenye manganizi, zinki na salfa kwa pamoja.

"Hapana," nikasema. "Migomba yetu haipuliziwi chochote. Ni ya asili kabisa."

Nilisema kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Halafu nikatoka nje kupiga simu.

Mjomba alipokea akiwa na furaha, maana alijua ni siku yangu ya mtambo. Nikamuuliza zile nyuzi za mzigo wa pili alizikaushaje.

"Nilizitundika kwenye miti ya kusimikia nyanya, jua linafika pale," akasema. "Na nikazipulizia dawa ya ukungu, ile ile ya nyanya. Asubuhi nikipuliza nyanya, nazipitia na zenyewe. Ulilalamika, mwanangu. Sikutaka uaibike mbele ya wenzako."

Nikamwambia asante. Nilisimama pale kwenye ngazi, mlima uko mbele yangu mweupe kwa mawingu, nikatamani ardhi ipasuke. Sikuwa na hasira naye hata chembe. Mtu kaambiwa kuna ukungu, anayo dawa ya ukungu, akaitumia, tena kwa mapenzi. Aliyesema udongo ni mimi.

Nilirudi ndani nikawaambia. Hakuna aliyecheka, na hilo liliuma zaidi. Mkuu wa idara aliangalia sambusa yake kwa muda mrefu. Yule mama wa kwenye skrini peke yake ndiye aliyechangamka. Alisema hii si hasara, kwamba dawa ile imeifanyia kaboni jambo la kuvutia na inafaa tuchunguze imefanyaje, na akaendelea kupima kwa muda wote tuliopewa. Alikuwa sahihi. Makala ya kitaalamu inaweza kutoka kwenye kosa kama hilo, na inaandikwa sasa. Lakini makala haikuwa imesimama kanisani.

Jioni nilifika nyumbani Mafiga, ninakokaa na mama. Alikuwa anachambua mchele. Hakuhitaji kuuliza, nilianza mwenyewe mlangoni, nikamweleza yote kwa mkupuo, mwale, madoa, zinki, mpaka pumzi ikaniishia. Mama akasikiliza, kidole ndani ya ungo.

"Kwa hiyo ni dawa ndiyo iliyoharibu," akasema.

Nilikuwa nimechoka. Kichwa kilikuwa kinagonga. Ningeweza kusema: hapana mama, dawa haikuharibu kitu, kilichoharibika ni maneno yangu.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni dawa."

Nikaenda kuoga. Nikiwa bafuni nilimsikia akizungumza kwenye simu kwa Kiluguru, sauti ya chini, sauti ya msibani.

Jumamosi tulipanda. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima: nitasema hivi, kisha hivi, nitaomba radhi kwa ukoo mzima, nitawaambia wang'oe migomba warudishe nyanya kama bado kuna muda. Sikuwa nimepita chemchemi tangu ile Jumapili. Tulipokunja kona nikayaona matuta. Nyanya zote zilikuwa zimeng'olewa. Miti ya kusimikia ilikuwa imelazwa pembeni, nusu imeshakuwa kuni. Kwenye matuta yale, kwa mistari iliyonyooka, walikuwa wamepanda miche ya migomba, mifupi, majani yake bado yamekunjwa. Walikuwa wameimwagilia asubuhi hiyo hiyo. Walikuwa wanajua kila kitu toka kwa mama, na bado walikuwa wameimwagilia.

Nilisimama nikashindwa kuendelea. Mama akanishika kiwiko.

Ndipo mjomba akatokea, anapanda kutoka bondeni, bomba la kupulizia dawa mgongoni. Nikadhani kabakiza nyanya mahali pengine. Alipofika karibu nikaona buti zake zina matope mekundu ya shamba la jirani wa kule chini. Mjomba, mzee wa ukoo, mtu aliyekuwa anaajiri wengine kiangazi, alikuwa ametoka kupuliza nyanya za watu. Kibarua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mmechoka. Twendeni nyumbani, wanawasubiri."

Alitembea mbele yetu bila kugusia lolote, akinionyesha nyumba ya nani imeezekwa upya. Nililiangalia bomba linavyomcheza mgongoni na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nataka niliseme hili wazi: kule ofisini, na mkuu wa idara na tai yake, niliona haya. Haya ni kitu kidogo, unakunywa soda kinapita. Hii ya njiani ilikuwa nyingine.

Harufu niliikuta mlangoni. Mke wa mjomba alikuwa amepika kuku, ugali umeshafunikwa. Wazee wengine wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wamevaa mashati ya kanisani siku ya Jumamosi. Nilisalimia mmoja mmoja, nikaonyeshwa kiti. Siyo mkeka, na wala siyo kona ya jikoni wanakokaa mabinti. Kiti. Kiti cha aliyekosewa. Nikaelewa ni chakula gani hicho, na mkosaji ni nani.

Mjomba alinawa, akavua kofia.

"Mama yako ametueleza," akasema. "Nimekuharibia kazi, mwanangu. Wewe umesimama mbele ya watu kwa ajili yetu, na mimi nimekutia dawa kwenye kazi yako bila kukuuliza. Umeaibika mbele ya wazungu. Hapa sote tumesikitika. Ndiyo maana tumekuita."

"Hapana, mjomba." Sauti yangu ilitoka nyembamba. "Sikilizeni, tafadhali. Mjomba hakuharibu. Ile dawa ndiyo iliyoifanya kaboni iwe nzuri. Mimi ndiye niliyesema udongo kabla sijajua. Mimi ndiye niliyesema ipandwe migomba. Kosa ni langu, lote."

Mke wa mjomba akamgeukia mama.

"Umemlea huyu," akasema. "Na usomi wote huo, hajasahau adabu."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa wananiangalia kwa upendo kabisa. Mtoto mwema hawezi kumwacha mjomba wake abebe kosa peke yake mbele ya watu, lazima ajitwike. Walikuwa wamelitegemea hilo, na nilikuwa nimelifanya vizuri.

"Siyo adabu," nikasema. "Ni kweli. Mama, waambie."

Mama aliangalia sufuria. Alikuwa analia, lakini alilia kwa fahari.

"Basi, mwanangu, basi," mjomba akasema taratibu. "Usijibebeshe. Migomba ni chakula, haitupwi. Tutakula ndizi."

Mdomo wangu ambao haujawahi kukosa neno ulikosa. Ningewaeleza nini zaidi? Kila nilichoongeza kilikuwa kinanipamba. Ningepiga kelele, wangesema nina uchungu na kazi yangu. Ningekataa kula, maana yake ingekuwa moja tu: kwamba sikumsamehe mjomba, mbele ya ukoo wake, ndani ya nyumba yake, baada ya yeye kuvua kofia.

Tukanawa. Sala ikasaliwa. Mke wa mjomba akaanza kugawa, na akaweka firigisi kwenye sahani ya mjomba, mahali pake, kama ilivyokuwa tangu nazaliwa. Hakuna mwanamke aliyewahi kuila ndani ya nyumba ile. Mjomba akaichukua kwa vidole vyake, vina rangi ya njano ya dawa pembeni ya kucha, akaihamishia kwenye sahani yangu.

"Kula," akasema. "Yaishe."

Wote walikuwa wananisubiri; hakuna aliyemega ugali. Nilijua nikishaimeza jambo hili limezikwa. Halitatajwa tena nyumbani kwetu, na mimi sitakuwa na ruhusa ya kulitaja, hata nikija kupata ujasiri, hata mjomba akiwa kitandani anaondoka. Atabaki ndiye aliyenikosea, na mimi ndiye niliyemsamehe.

Nikaitia mdomoni. Ilikuwa imeiva vizuri. Nikatafuna nikameza, na mjomba akashusha pumzi, akamega ugali, akaanza kula kwa njaa ya mtu aliyeshinda akipuliza shamba la mwenzake.